Hodi Mlangoni kwa Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na nyumba!

Na nyumba ina nini?

Ina mlango!

Na mlango una nani?

Una mwenyewe!

Haya, wajukuu zangu, sogeleaneni. Hadithi hii si yangu. Ilikuwa ya babu yenu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka jana, tukisha kuswali magharibi, yeye ndiye aliyekuwa akikaa hapa, na mimi niko kule jikoni nachambua mchele, namsikiliza kwa mbali. Mwaka huu mnanitazama mimi. Basi nitasema polepole, kama nilivyomsikia.

Zamani sana, chini ya milima, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwekuyu. Juu ya kijiji palikuwa na msitu. Msiufikirie msitu huu mnaouona leo, ambao mtu akisimama huku anamwona mbuzi wa jirani kule upande wa pili. Ule ulikuwa msitu. Mivule, mikuyu na mizambarau mwitu ilishikana mikono juu, na chini palikuwa na kiza mchana. Watu wa Kwekuyu hawakuamshwa na jogoo. Waliamshwa na ndege.

Na katika ndege wote, mkubwa wao alikuwa hondohondo. Mweusi, tumbo jeupe, mdomo mkubwa, na juu ya mdomo amebeba kitu kama kofia. Akiruka, mabawa yanavuma, vuu! vuu! vuu! Mwanamke anayetwanga anauacha mchi hewani, anatazama juu. Na akilia, utadhani ni mtoto mchanga analilia ziwa.

Sasa sikilizeni mambo ya ndege huyu. Jike akitaka kutaga hutafuta mti wenye tundu, akaingia ndani. Mumewe humletea udongo, naye huukanda kwa mate na kinyesi, akajiziba humo humo kama fundi anayekandika ukuta. Hubakiza ufa mwembamba tu, wa kupita ncha ya mdomo. Humo hutaga, humo hulalia mayai. Manyoya yake ya mabawa hupukutika, hata ukimfungulia hawezi kuruka. Kula yake yote iko kwa mume. Mume huenda, akajaza koo lake kuyu, matunda ya mkuyu, akarudi, akamtolea moja moja kupitia ule ufa. Asubuhi, mchana, jioni. Mume asiporudi, mke na mtoto wanafia humo ndani.

Watu wa Kwekuyu walimwona, wakasema, "Huyu ni mzazi. Kaingia arobaini." Wakamheshimu kama wanavyomheshimu mzazi.

Ndiyo maana mafundi wa kijiji kile walikuwa na desturi yao. Fundi akitaka kuangusha mti, kwanza aliupiga kwa mgongo wa shoka, ko, ko, ko, akasema, "Hodi!" Mara tatu. Kisha akaenda kuketi mbali, akangoja tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Akiona ndege anakuja na chakula mdomoni, alijua nyumba ina wenyewe. Alibeba shoka lake, akarudi. Asipoona ndege mpaka saa hiyo, alijua mti hauna mwenyewe, akaukata. Kule kunyamaza tu hakukuwa jibu. Mwanamke aliyejifungia na mwanawe atamwitikia kila mpita njia?

Basi.

Katika msitu uleule lilikaa zimwi.

Zimwi hilo lilikuwa na vinywa viwili. Kinywa cha mbele kilikuwa kama cha mtu, na hicho kilisema maneno matamu. Kinywa cha pili kilikuwa kisogoni, na hicho kilikula watu. Lakini zimwi lilifungwa na sharti moja. Halikuweza kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Jua likizama lilishuka kijijini, likasimama mlangoni, likaimba:

*Hodi wenye nyumba, njaa yanitafuna!*
*Hodi wenye nyumba, mlango nauona!*
*Hodi wenye nyumba, karibu hakuna?*

Ndani watu kimya. Wamewaziba watoto midomo. Na zimwi, lisipoitikiwa, lilirudi msituni na njaa yake, linalia.

Kwa maana sharti lilikuwa la wote. Hodi tatu, usipoitikiwa, rudi. Hata sisi katika dini yetu ndivyo tulivyofundishwa. Mtu akirudi, na zimwi linarudi. Lakini siku mtu wa nyumba yoyote atakapoingia kwa nguvu mlango usiomwitikia, siku hiyo mlango wake mwenyewe hautamzuia mtu tena. Watu walikuwa wamekwisha kusahau neno hilo. Zimwi halikusahau.

Siku moja, katika kijiji cha Kwekuyu, mtoto alizaliwa. Baba yake aliitwa Kupaza, fundi wa vinu. Mama yake aliitwa Mwanjaa. Mtoto alikuwa mzuri, lakini maziwa ya mama yalikuwa machache. Mtoto alilia asubuhi, akalia mchana, akalia jioni. Kupaza alichonga vinu vyake kibandani kando ya njia, na kila kilio kilimchoma.

Aliyemwangalia mzazi alikuwa shangazi yake Mwanjaa, mkunga, jina lake Bi Mashavu. Mzee huyo alikuwa mwembamba kama ufito. Jina alipewa utotoni, mashavu yakaondoka, jina likabaki.

Basi siku moja akaja mgeni pale kibandani. Kanzu nyeupe, kilemba kikubwa kimeshuka mpaka shingoni.

"Hujambo, fundi."

"Sijambo, mzee. Vinu hivyo hapo, chagua."

Mgeni akavitazama, akavisogeza kwa ncha ya kiatu. "Hivi ni vya kutwangia kitunguu saumu. Mimi nataka kinu. Namwoza binti yangu."

"Kikubwa kiasi gani?"

"Mtu akikaa ndani, kichwa kisionekane."

Kupaza akacheka. "Ala! Mzee, unatwanga mpunga au unatwanga watu?"

Mgeni naye akacheka. Akacheka sana, hata kilemba kikatikisika kisogoni.

"Nichongee," akasema, "nami nitakuletea ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Nasikia ndani kuna mtoto analia. Lakini kiwe tayari kabla ya harusi, na harusi ni Ijumaa."

"Ijumaa hii? Mti wa namna hiyo nitauchimba lini, mzee?"

"Kule juu, karibu na kijito, kuna mvule. Una tundu tayari. Nusu ya kazi imekwisha kufanyika. Wewe angusha tu."

Bi Mashavu akatoka na bakuli la uji, akamwandalia mgeni. Mgeni akakataa. Akaaga, akaenda zake.

Bi Mashavu akamtazama mpaka akapotea. Kisha akasema, "Kupaza, mgeni wako hali uji."

"Ameshiba, shangazi."

"Hali uji, lakini kilemba chake kinatafuna."

"Shangazi, huo ni uzee."

"Uzee wangu uko magotini, mwanangu. Machoni haujafika."

Kupaza hakumsikiliza. Alikuwa akimsikiliza mtoto anayelia ndani.

Alfajiri akachukua shoka, akapanda msituni. Akaufikia mvule wa kijitoni. Akaupiga kwa mgongo wa shoka, ko, ko, ko.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

Baba yake alimfundisha kuketi na kungoja. Kupaza akatazama jua, lilikuwa bado chini. Akahesabu: mpaka utosi ni mbali, na Ijumaa ni karibu. Akasema, "Nimepiga hodi, sikuitikiwa. Basi hamna mtu."

Akautia shoka.

Babu yenu akifika hapa alikuwa akishusha sauti. Nami naishusha.

Mvule ule ulisimama tangu mababu wa mababu. Ulianguka na miti midogo mingapi, Mungu anajua. Vumbi lilipotulia, Kupaza akasikia kilio. Mtoto mchanga analilia ziwa. Akafikiri ni mwanawe, kilio kimemfuata mpaka huku. Akasogea kwenye tundu. Ukuta wa udongo ulikuwa umepasuka. Ndani yumo hondohondo jike, mabawa hayana manyoya, amelikumbatia kinda lisilo na hata unyoya mmoja. Anamtazama Kupaza.

Mara, vuu! vuu! vuu! Dume likafika na koo limejaa kuyu. Likafika pale mlango wake ulipokuwa angani, likakuta hewa. Likazunguka. Likarudi palepale, likakuta hewa. Likazunguka tena. Likatua mti wa mbali, na kuyu moja ikaliponyoka mdomoni, ikaanguka chini.

Kupaza akasema, "Lahaula! Nimefanya nini?"

"Umenifungulia," sauti ikajibu nyuma yake.

Alikuwa yule mgeni. Akakifungua kilemba, akageuka, na Kupaza akakiona kinywa cha kisogoni, meno juu, meno chini, kinadondosha mate.

"Umeingia mlango usioitikia," zimwi likasema. "Sasa na mimi nitaingia wa kwako. Leo hodi ya kwanza, penye ua. Kesho hodi ya pili, barazani. Kesho kutwa hodi ya tatu, mlangoni, na ndani nitaingia. Na usihangaike kuhama. Nyumba yoyote utakayowaficha, mlango wake ni wangu."

Kupaza akasema, "Kama ni kula, unile mimi! Mimi ndiye niliyekosa."

Zimwi likamnusa, likakunja uso. "Wewe? Wewe umejaa vumbi la mbao. Nataka kile kitoto."

Likaenda zake linacheka kwa vinywa viwili.

Kupaza akateremka mbio, akawaeleza Mwanjaa na Bi Mashavu yote, hakuficha. Mwanjaa hakumgombeza. Alimvuta mtoto kifuani, akauliza neno moja tu. "Na yule mzazi mwenzangu umemwacha wapi?"

Kupaza akainama.

"Umembomolea nyumba," Bi Mashavu akasema. "Kamjengee. Mumewe akirudi kumlisha mlangoni kwake, na mlango wako utarudi kukulinda. Sasa hivi, unasimama nini?"

Basi Kupaza akapanda tena. Akakata kile kipande cha gogo chenye tundu, polepole, kama mtu anayemnyoa mtoto nywele za kwanza. Akaziba huku na huku kwa mbao, akaacha mlango, ukawa kama mzinga mkubwa. Ndege na kinda lake wakiwa ndani. Majirani wakaja na kamba, wakauvuta juu ya mkuyu, wakaufunga kwenye panda ya matawi.

Walivuta na kumtania. "Kupaza, siku hizi umekuwa mkwe wa ndege?" Mwingine akasema, "Mahari yenyewe kamba zangu, naye hajanipa hata kahawa!" Lakini hakuna aliyeiachia kamba.

Wakaketi chini ya mkuyu, wakangoja dume lije kulisha. Dume likakaa mti wa mbali na kuyu zake kooni. Linawatazama watu, watu wanalitazama. Halikuja.

Jua likazama. Penye ua pakasikika:

*Hodi wenye nyumba, njaa yanitafuna!*
*Hodi wenye nyumba, mlango nauona!*
*Hodi wenye nyumba, karibu hakuna?*

Ndani kimya. Zamani kimya kile kingetosha. Jioni ile zimwi halikurudi msituni. Lilikaa palepale penye ua mpaka asubuhi.

Siku ya pili Kupaza akasema, "Dume haliji. Basi jike nitamlisha mimi." Akachuma kuyu zilizoiva, akapanda mkuyu, akatia mkono mlangoni. Yule jike akamdona kidole, damu ikatoka. Akampa kuyu, akaitema. Akampa nyingine, akaitema. Akampa ya tatu, akaitema, akageuka, akamfunika mwanawe kwa mabawa yasiyo na manyoya.

Kupaza akakaa juu ya tawi, analia. "Kula, mama. Tafadhali kula. Usipokula wewe, wangu ataliwa."

Majirani nao walikuwa chini, na watoto wao, na mbwa wao. Kila mtu alitaka kuona. Kila mtu alikuwa na shauri lake. Dume likaruka, likawaona, likarudi mbali.

Jioni barazani pakasikika nyayo, na mkeka wa barazani ukaburutwa. Zimwi likakaa juu yake, likaimba:

*Hodi wenye nyumba, njaa yanitafuna!*
*Hodi wenye nyumba, mlango nauona!*
*Hodi wenye nyumba, karibu hakuna?*

Mtoto akalia. Huko nje kinywa cha kisogoni kikajilamba. Mwanjaa akamwimbia mwanawe taratibu.

Siku ya tatu, alfajiri, Bi Mashavu akamaliza kuswali, akamwita Kupaza.

"Dume limelisha?"

"Halijalisha, shangazi. Nimejenga nyumba, nimepeleka chakula, nimelinda. Sijui nifanye nini tena."

"Nyumba ile ni ya nani?"

"Ya hondohondo."

"Na wewe tangu juzi uko wapi?"

Kupaza akafikiri. "Niko mlangoni kwake."

"Umepiga hodi?"

Kupaza akakitazama kidole chake kilichodonwa.

"Umebomoa bila kukaribishwa," Bi Mashavu akasema. "Umejenga bila kukaribishwa. Umeingiza mkono kwa mzazi aliye arobaini bila kukaribishwa. Hata wema wako, Kupaza, umeuvunjia mlango. Nenda kapige hodi kama mtu."

"Na nisipoitikiwa?"

"Si unajua?"

Basi Kupaza akapanda msituni. Akawaambia majirani wote warudi, na watoto wao, na mbwa wao. Wakanung'unika, wakarudi. Akabaki peke yake chini ya mkuyu. Shoka hakuja nalo. Akaupiga mti kwa kiganja, taratibu.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Hata kinda halikulia.

Moyo ukamwambia, Wamekufa. Panda ukaone. Moyo ukamwambia, Mwanao ataliwa leo jioni. Panda. Moyo ukamwambia, Ni mara moja tu, nani atakuona? Panda. Akaweka mguu kwenye mzizi wa mkuyu.

Kisha akauondoa.

Akasema kwa sauti, "Nimepiga hodi tatu, sikuitikiwa. Narudi. Mungu ndiye mlinzi wenu."

Akageuka, akateremka. Alitembea akisikiliza. Hakusikia kitu. Alifika kijitoni, hakusikia kitu. Alifika mwisho wa miti, hakusikia kitu. Wanangu, mtu anaweza kufanya lililo sawa na asisikie kitu. Inabidi ateremke hivyohivyo.

Alipofika kijijini jua lilikuwa linazama. Zimwi limekwisha kusimama mlangoni kwake, kanzu limeitupa. Limemaliza hodi ya kwanza. Limemaliza hodi ya pili. Sasa likaimba ya tatu:

*Hodi wenye nyumba, karibu hakuna?*

Likainua mguu livuke kizingiti.

Ndani, Mwanjaa amekaa kitandani, mgongo ukutani, mtoto amemfunika kwa mikono miwili. Bi Mashavu amesimama mbele yao na mwiko wa ugali.

"Ingia," Bi Mashavu angeweza kusema kwa hasira, "ingia uone!" Watu wengi wangesema hivyo. Hakusema. Alikaza meno.

Na wakati ule, huko juu msituni, pakasikika vuu! vuu! vuu! Dume lilikuwa limeona kwamba chini ya mkuyu hakuna mtu. Likashuka kwenye mzinga. Likaweka mdomo mlangoni, likatoa kuyu moja. Jike akaipokea. Likatoa nyingine. Akaipokea. Likatoa ya tatu. Akaipokea, akampa mwanawe, na kinda likalia. Kilio kile kikateremka mlima mzima mpaka Kwekuyu. Kama cha mtoto mchanga aliyepata ziwa.

Mguu wa zimwi ukabaki hewani.

Likasukuma, hauendi. Likasukuma kwa nguvu zote, hauendi. Likasukuma mpaka likatoa ukelele, hauendi. Palikuwa wazi, mlango haukuwa na komeo, lakini mguu haukuvuka.

Likamwona Kupaza uani. "Umefanya nini kule?"

"Nilipiga hodi."

"Ukaitikiwa?"

"Sikuitikiwa."

"Ukafanya nini?"

"Nikarudi," Kupaza akasema. "Na wewe rudi."

Mguu uliokuwa hewani ukarudi nyuma. Na wa pili ukarudi nyuma. Zimwi likataka kugeuka, halikuweza. Likaanza kwenda kinyumenyume, limekodolea macho mlango lisioweza kuuingia. Likavuka baraza kinyumenyume. Likavuka ua kinyumenyume, ule mlango wa ua likaung'oa kwa makalio. Likaingia njia ya msituni kinyumenyume, na sasa kinywa cha kisogoni ndicho kilichotangulia. Kikala miba. Kikala upupu. Kikala kichuguu kizima na siafu wake.

"Phtu!" kinywa cha nyuma kikasema.

"Nyamaza, ni wewe uliyetaka kitoto!" kinywa cha mbele kikajibu.

Wakaenda wanagombana, vinywa vile viwili, wakavuka kijito, wakavuka mlima, wakapotea. Kwekuyu hakuna aliyewasikia tena.

Kupaza akasimama nje ya nyumba yake mwenyewe. Akapiga hodi.

"Karibu," Mwanjaa akasema.

Akaingia, akaketi chini karibu na kitanda, akalia. Bi Mashavu akamwambia, "Ukimaliza kulia, kuna jirani amekama mbuzi wake. Nenda kachukue maziwa, mwanao hali machozi."

Basi siku zikaenda. Hakuna aliyekwenda chini ya mkuyu ule. Wenye kutafuta kuni walipita mbali. Kwa mbali waliona mume akipeleka udongo, na mke ameukandika mlango wake upya, amebakiza ufa mwembamba. Asubuhi, mchana, jioni, mume akapeleka kuyu. Mbegu zilizomwanguka njiani zikaota, na mahali palipokuwa na kisiki cha mvule pakajaa miche midogo, hakuna mtu aliyeipanda.

Mwanjaa akamaliza arobaini yake, akanyolewa mtoto, watu wakala ubwabwa. Na haukupita muda mrefu, asubuhi moja, wanawake wanatwanga, pakasikika sauti msituni, ko, ko, ko. Watu wakashtuka wakidhani ni shoka. Lilikuwa si shoka. Alikuwa hondohondo jike anabomoa ukuta wake kwa ndani, mwenyewe, kwa wakati wake.

Akatoka. Manyoya mapya yanang'aa. Akatua kwenye tawi, akajinyoosha bawa moja, akajinyoosha la pili. Nyuma yake likachungulia kinda, mdomo mkubwa kuliko akili. Likatazama chini. Likarudi ndani. Likachungulia tena. Baba akaliita, mama akaliita, na ghafla likajitupa hewani, likayumba, likaelekea mtini, likakosa tawi, likashika la chini yake.

Ndipo Mwanjaa, aliyesimama uani na mwanawe mgongoni, akapiga kigelegele. Mwenzake wa nyumba ya pili akaitikia. Na wa tatu, na wa nne, mpaka kijiji kizima cha wanawake kikampigia ndege vigelegele kama anavyopigiwa mzazi anayetoka ndani. Wale hondohondo watatu wakaruka juu ya mapaa, vuu! vuu! vuu!, wakaenda zao kula.

Mimi nilipoolewa na kuletwa huku, walikuwa bado wapo. Babu yenu alinishika mkono, akaniambia, "Sikiliza." Nikasikia mabawa. Tulisimama tu mpaka yakapotea. Sasa unapita mwezi sijawasikia, na nikiwasikia, ni mmoja, naye yuko mbali. Lakini mikuyu ya kule kijitoni bado imesimama, na Mungu akipenda, wako wanaojua njia ya kurudi. Tusiwazuie.

Hadithi yangu nimeifikisha hapo, nami ninaiweka chini. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka akalale.

Na mafunzo yake ni haya. Mlango usiokuitikia si mlango usio na mwenyewe. Viumbe wa Mungu wana nyumba zao, na wengine wao wamefungiwa ndani na watoto, hawawezi kukujibu. Piga hodi, ungoje. Usipoitikiwa, chukua shoka lako, urudi.